Zinki Iliyofutwa

Siku ya sindano ya kumi, wifi hakuvaa viatu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, mtandio umemfunika shavu la kushoto, akatangaza kwamba kliniki haendi. Si leo, si kesho.

"Zimebaki kumi na moja tu," alisema kaka yake, fundi viatu, huku akikoroga gundi kwenye kopo.

"Tu? Hiyo 'tu' inachomwa kwenye paja la nani?"

"Lako. Lakini..."

"Basi koma hapo hapo."

Mama yao alikuwa akichambua maharage. 

Ugonjwa ulianza kama kipele cha kuumwa na mdudu, pembeni mwa pua. Kipele kikawa kidonda chenye kingo zilizoinuka, kikakua mpaka kikafika ukubwa wa kifuniko cha chupa. Hospitali walisema ni vimelea wanaoletwa na inzi mdogo sana, mdogo kuliko mbu, na dawa yake ni sindano kila siku kwa siku ishirini. Kila sindano ilimwacha viungo vikimuuma kama mtu aliyepigwa, na mdomoni ladha ya sarafu. Hoteli aliyokuwa akisimama mapokezi kwa miaka sita ilimhamishia chumba cha kufulia mashuka, "mpaka uso utulie." Meneja alimwambia kwa upole, akiwa anatazama kalenda ukutani. Huo upole ndio uliomchoma wifi kuliko kitu kingine.

"Redio imesema dawa ya kumeza imepatikana," aliendelea. "Nimesikia mwenyewe jana. Mama kapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaposwa. Na aliyeipata dawa yenyewe ni huyu hapa, mkeo, anayetumiminia chai. Sasa mimi nichomwe za nini?"

Mkemia aliweka chupa ya chai mezani. Alifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti, mbele ya kompyuta, akitafuta dawa ya vimelea hao hao. Mtaani walimwita Daktari wa Kipanya. Siku moja mama mmoja alimuuliza dawa zake anazitwangia wapi, naye akajibu kwamba hatwangi, anabonyeza kipanya. Jina likamganda.

"Wifi," alisema, "kilichopatikana si kidonge. Ni mchoro kwenye kompyuta. Hata mchoro ukiwa sawasawa, mpaka uje kuwa kidonge ni miaka. Kumi, pengine zaidi. Na michoro mingi haifiki kabisa."

"Mkuu wenu hakusema hivyo redioni."

"Hakusema."

"Ulikuwepo wakati anahojiwa?"

"Nilikuwepo."

"Ulimkatiza?"

Mkemia alitazama vikombe.

"Basi na mimi usinikatize," alisema wifi, akavuta kikombe chake.

* * *

Alifika kazini na swali hilo bado kichwani. Alikuwa amesimama nyuma ya Mkuu pale alipokuwa akiongea na mwandishi wa redio, ameshika faili la karatasi kama msichana wa kubeba vitabu, na Mkuu aliposema "dawa tumeipata," yeye alitabasamu. Si kwa unafiki. Alidhani mzee amekosea neno tu, kwamba sentensi ya pili ingeirekebisha ya kwanza. Sentensi ya pili haikuja.

Akafungua kompyuta. Alitaka kupata maneno mepesi ya kumweleza wifi jioni: tulichokifanya ni hiki, bado hiki na hiki. Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Vimelea wana protini wanayoitegemea kuishi. Protini hiyo ina mfuko mdogo, na kitu kikiingia kwenye mfuko huo kikashika barabara, kimelea anakufa. Watu wa nchi nyingine walishapiga picha ya protini hiyo na kuiweka mtandaoni, kila mtu aichukue bure. Programu, nayo ya bure, inachukua picha hiyo na kuujaribishia mfuko molekuli moja baada ya nyingine, ikiigeuza huku na huku, kisha inatoa alama ya jinsi molekuli inavyoshika. Yeye alijaribisha molekuli elfu nane. Moja ilipata alama kumi na mbili, wakati nyingine zote zilikwama kwenye saba na nane. Hiyo ndiyo iliyokwenda redioni.

Alianza mwanzo kabisa, pale picha ya protini inaposafishwa kabla ya kutumika. Ikitoka mtandaoni inakuja na takataka zake, matone ya maji na chumvi za maabara, na ni kawaida kuziondoa. Aliiweka picha ya asili kushoto, na ile aliyoisafisha yeye kulia. Akazungusha zote mbili pamoja.

Upande wa kushoto, mdomoni mwa mfuko, kulikuwa na kitone cha kijivu. Upande wa kulia hakikuwepo.

Alikigusa kwa kipanya. Maandishi yakatokea: zinki.

Haikuwa takataka. Ilikuwa sehemu ya protini, imeshikwa na mikono yake mitatu, kama kigingi katikati ya mlango. Siku ile alipobofya programu iondoe maji na chumvi, ilifagia na zinki, naye hakuangalia. Kwa hiyo mlango aliojaribishia molekuli zote elfu nane ulikuwa mpana kuliko mlango wa kweli.

 Akairudisha zinki mahali pake, akaiambia programu ijaribu tena ile molekuli ya alama kumi na mbili peke yake. Ilichukua dakika mbili. Alama: tano.

Akajaribu tena. Tano. Mara ya tatu aliinuka kabla haijaisha, akaenda chooni kunawa uso, akarudi. Tano na kidogo. Mwenzake wa meza ya pili alimuuliza kama anaumwa.

"Hapana," alisema. "Nimekosea."

* * *

Mkuu alimsikiliza akiwa amesimama, kwa sababu fundi cherehani alikuwa akimpima suti mgongoni. Wageni walikuwa wanakuja Alhamisi, wafadhili na waandishi wa habari, na ukumbi ulikuwa umeshaanza kupangwa viti.

"Atomu moja," alisema Mkuu.

"Moja, Mkuu. Lakini imekaa mlangoni."

"Na faili ni la nani?"

"Langu."

"Nani alilisafisha?"

"Mimi."

"Kwa hiyo umekuja kujishitaki." Alimwambia fundi atoke kidogo. Fundi alitoka na pini zake mdomoni. "Binti, nikwambie kitu. Utafiti ni safari. Molekuli itakwenda maabara, itajaribiwa kwenye chupa, itashindwa. Zinashindwa kila siku. Nani atauliza ilishindwa kwa nini? Hakuna. Wewe salama, mimi salama, taasisi salama."

"Watu wameacha sindano."

"Nani kakuambia?"

"Mmoja anaishi kwangu."

Mkuu alikaa. Akavuta ripoti yenye jalada la plastiki, akaifungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole chini ya mstari ulioandikwa Mwandaaji wa Takwimu. "Tia sahihi hapa. Alhamisi ipite. Ijumaa uje na zinki yako, tukae, tuizungumze kama watu wazima."

Alimpa kalamu. Kalamu ilikuwa nzito, ya wino, yenye jina la taasisi kwa rangi ya dhahabu. Mkemia aliishika kwa muda. Alifikiria mkataba wake, uliobaki mwezi mmoja. Kisha aliilaza juu ya ripoti taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Sitii," alisema.

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi ujao."

"Hukumbuki vizuri," alisema Mkuu. "Unaisha leo."

Saa tisa alasiri nywila yake haikufungua tena kompyuta. Mlinzi alisimama kando ya meza wakati akitoa vitu vyake, kikombe, sweta na daftari, mbele ya wenzake, ambao ghafla wote walikuwa na jambo la kusoma kwenye skrini zao. Mlinzi alimwomba afungue mkoba. Akakuta flashi.

"Hii nini?"

"Programu. Na picha ya protini. Vyote ni vya bure, hata wewe unaweza kuvichukua mtandaoni."

Mlinzi aliigeuza flashi upande huu na upande ule, akaona haina cha kumwambia, akamrudishia. Kitambulisho alibaki nacho.

* * *

Nyumbani aliwaambia wote watatu kwa pamoja, amesimama, ili asije akapata nafasi ya kupunguza maneno. Aliwaambia kwamba dawa hakuna, na kwamba haikuwepo tangu mwanzo. Kosa ni lake, amelikuta leo, amemwambia Mkuu; Mkuu alitaka atie sahihi kwanza, kosa lizungumzwe Ijumaa, na alipokataa amemfukuza.

Fundi viatu aliacha kushona. "Si ungengoja hiyo Ijumaa?" alisema. "Siku nne, mke wangu. Nne. Kodi ya hiki kibanda inangoja, lakini wewe huwezi kungoja?"

"Ningengoja, ningetia sahihi kwanza."

"Sahihi ni wino tu."

"Ni jina langu."

Wifi alikuwa amesimama. Mtandio ulikuwa umemteleza, na kidonda kilionekana chote, kikavu katikati, chekundu pembeni. "Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Nimekaa hapa asubuhi nakutukuza, nakuita mwokozi wangu, kumbe ni wewe uliyeharibu."

"Ni mimi."

"Na jana ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Bora hata ungebisha!" Wifi alipiga meza kwa kiganja, vijiko vikaruka. "Mtu anayekubali kila kitu, nitamgombezaje?" Aliingia chumbani, akafunga mlango, na hawakumwona mpaka kesho yake. Kliniki hakwenda. Hakwenda pia siku iliyofuata.

Jumatano mchana alikuja muuguzi wa kliniki, mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kuita majina kwenye foleni. Hakutaka kukaa. Alisema amekuja kwa mambo mawili. La kwanza, watu kumi na mmoja wameacha sindano tangu Jumapili, na kila anayemuuliza anamtajia redio. La pili alilitoa mfukoni, kadi nyeupe, na alionekana kulionea haya.

"Taasisi imeomba wagonjwa sita kwa ajili ya kesho. Wakae mstari wa mbele." Alikohoa. "Wenye vidonda vya usoni. Wameomba wasijifunike."

 Mama mkwe alisimamisha vidole juu ya maharage.

Wifi alikuwa mlangoni mwa chumba chake. Alikuja, akaichukua kadi, akaisoma mbele na nyuma, ingawa nyuma haikuandikwa kitu.

"Hotelini uso wangu unatisha wageni," alisema, "nimefichwa na mashuka. Huko taasisini uso wangu unapendeza wageni, nawekwa mbele. Kwani uso huu ni wa nani?"

"Unaweza kukataa," alisema muuguzi.

"Nikatae? Wanataka kuuona, wauone." Akamgeukia mkemia, mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Hiyo zinki yako. Unaweza kuionyesha watu, au ni maneno tu?"

"Naweza. Dakika mbili."

"Kwenye ile kompyuta yako mbovu?"

"Hiyo hiyo."

"Ichaji," alisema wifi.

* * *

Getini Alhamisi, mlinzi yule yule alitazama orodha, akamtazama mkemia, akatikisa kichwa. "Jina lako limefutwa, dada. Usinitie matatani."

"Mimi je, nimefutwa?" Wifi alimwonyesha kadi, uso wazi, bila mtandio hata begani. Mlinzi aliangalia kadi, akaangalia kidonda, akaangalia pembeni. "Niangalie. Mimi mgonjwa wa mstari wa mbele. Mgonjwa haendi popote peke yake. Huyu ni mtu wangu. Nikianguka humo ndani, utanibeba wewe?"

Nyuma yao watu walikuwa wakisubiri kuingia. Mlinzi alisogea.

Ukumbi ulikuwa na mapambo ya kitambaa na chupa za maji mezani. Mkuu alikuwa ndani ya suti mpya, na suti ilimkaa vizuri. Kwenye skrini kubwa ilizunguka picha ya protini, bluu na kijani, na ndani ya mfuko wake molekuli ya rangi ya machungwa. Alizungumza vizuri pia. Alisema "kizazi kipya cha tiba." Alisema "mikono yetu wenyewe." Kisha akanyoosha mkono kuelekea mstari wa mbele, akasema, "Na hawa ndio tunaowafanyia kazi," na kamera zikageuka kuwaelekea wale sita. Mzee mmoja mwenye kidonda kwenye paji la uso alijaribu kutabasamu kwa adabu.

Mkemia alisimama.

Hakuwa mtu wa kusimama. Neno la kwanza lilitoka dogo mno hata mwandishi wa redio akasogeza kinasa sauti. "Samahani," alisema. Kisha akasema tena, na safari hii halikuwa ombi. "Samahani. Hiyo picha niliiandaa mimi, na ina kosa."

"Huyu alikuwa mfanyakazi wetu," Mkuu aliwaambia wageni kwa sauti ya upole, ya kusikitika. "Tulimwachisha kwa uzembe."

"Kweli," alisema mkemia. "Uzembe ni wangu. Nimekuja kuuonyesha."

Watu wawili walicheka kidogo, wakaacha. Mkuu alimwashiria mtu aliyekuwa mlangoni. Lakini kwenye meza ya wageni alikuwepo mwanamke mwenye mvi zilizokatwa fupi, aliyekuwa akiandika tangu mwanzo bila kuinua kichwa, na sasa alikuwa amekiinua. "Kosa gani?" aliuliza.

Mkemia aliweka kompyuta yake juu ya meza, kati ya chupa za maji. Ilikuwa nzee, herufi mbili zimeng'oka, kifuniko kimefungwa kwa gundi ya viatu. Akafungua picha ya asili, akaonyesha kitone cha kijivu, akaeleza ni nini na ilikuwaje hata akakifuta. Hakutumia neno gumu hata moja. Alikuwa amelifanyia mazoezi jambo hilo tangu jana mchana mbele ya mama mkwe. Akairudisha zinki. Akabonyeza.

"Inachukua muda gani?" aliuliza yule mwanamke.

"Dakika mbili."

Dakika mbili ndani ya ukumbi uliojaa watu ni ndefu. Feni ya kompyuta ilianza kuvuma. Wageni wawili waliinuka wakaja kusimama nyuma yake, kisha wa tatu. Mkuu alisema kwamba ratiba imebana.  Mtu wa mlangoni alikuwa amefika katikati ya ukumbi, akasimama hapo, hajui aendelee au arudi.

Wifi naye alisimama, akamwendea mwandishi wa redio.

"Wewe ndiye uliyetangaza Jumapili?"

"Nilitangaza nilichoambiwa, dada."

"Sawa. Sasa na mimi nakuambia. Nilikuwa nimechomwa sindano tisa. Nikakusikia, nikaacha. Leo ni siku ya nne. Tuko kumi na mmoja." Alisogeza uso wake karibu na kinasa sauti, karibu naye. "Usitazame chini. Kadi imesema nisijifunike ili nionekane. Nione."

Mwandishi alimtazama. Alikuwa mtu wa makamo mwenye tai, na alimtazama mpaka mwisho.

"Imemaliza," alisema mkemia.

Mwanamke mwenye mvi aliinama, akasoma mwenyewe kwa sauti. "Tano." Akaangalia skrini kubwa ukutani, ambako bado kulikuwa na kumi na mbili kwa herufi za dhahabu. Akavua miwani. "Profesa, ulilijua hili?"

"Utafiti una hatua zake..."

"Sijauliza hatua. Ulilijua lini?"

Mkuu alifunga kifungo cha suti, akakifungua. Alimtazama mkemia kama mtu anayengoja aokolewe na aliyemzamisha.

"Jumatatu," alisema mkemia. "Kabla ya chakula cha mchana. Fundi cherehani alikuwepo."

* * *

Hakuna aliyembeba mkemia mabegani. Wageni waliondoka bila kupiga picha ya pamoja, na yule mwanamke mwenye mvi hakumpa kazi wala anwani, alimpa mkono tu, akasema, "Ungelikagua kabla." Mkemia alijibu, "Ningelikagua." Hilo lilimuuma kwa siku nyingi kuliko kufukuzwa.

Redio ilisahihisha habari yake kwa sekunde arobaini, kati ya michezo na hali ya hewa. Sauti ya wifi ilisikika humo, "Nione," na hakuna aliyewaeleza wasikilizaji anayeambiwa hivyo ni nani. Hata hivyo ilitosha. Ijumaa asubuhi muuguzi aliita majina, na kati ya wale kumi na mmoja, tisa waliitika. Daktari alimwambia wifi kwamba siku alizoruka zitamwongezea sindano juu ya zile zilizobaki. Wifi alimwuliza ngapi, akaambiwa, akatukana tusi moja zito ambalo mama yake hakujua kama analijua, kisha akalala kitandani akafunua paja.

Mtaani habari ziligawanyika. Wapo waliosema Daktari wa Kipanya amewanyima watu dawa kwa wivu. Mteja mmoja alikuja kuchukua viatu vyake vya harusi, akamuuliza fundi mbele ya wengine, "Vipi, mkeo bado anawatibu panya?" Fundi viatu alimpa viatu, akapokea pesa zake, akasema, "Amepata kosa lake mwenyewe akalisema hadharani. Wewe lako la mwisho ulilisema lini?" Mteja aliondoka bila kujaribisha viatu. Jioni hiyo fundi alimsogezea mke wake nusu ya meza ya kazi, akahamisha soli na nyuzi upande mmoja, akavuta waya wa umeme mpaka pale.

Hapo ndipo mkemia alipoanzia tena, molekuli ya kwanza mpaka ya elfu nane, zinki ikiwa ndani. Kompyuta iliyokuwa taasisini ingemaliza kwa siku tatu. Hii ilihitaji wiki, na ikipata joto sana ilizima yenyewe, naye akaanza pale ilipoishia. Watu walioleta viatu waliuliza ile mashine inafanya nini.

"Inatafuta dawa," alisema fundi.

"Haijapata?"

"Haijapata. Kaa hapo, leta mguu."

Baada ya wiki mbili ilikuja barua ya taasisi. Kulikuwa na kaimu mkuu mpya, na lugha ilikuwa laini. Taasisi ilikuwa tayari kumrudishia mkataba wake kwa mwaka mmoja. Alichotakiwa ni kutia sahihi karatasi iliyoambatanishwa, ya kuomba radhi kwa "kupotosha umma na kuidhalilisha taasisi mbele ya wadau." Nafasi ya sahihi ilikuwa imeshawekewa alama ya msalaba kwa penseli, asije akakosea mahali.

Walikaa wote mezani. Wifi alikuwa ametoka kliniki, amenyoosha mguu juu ya kiti kingine. Kingo za kidonda zilikuwa zimeanza kushuka.

"Mwaka mmoja," alisema fundi viatu. Aliirudia mara mbili, akiipima. Mwishowe akasugua macho. "Mimi sitakuambia utie, wala sitakuambia usitie. Ile siku ya kwanza nilikuambia ungoje, na nilikosea. Sikosei mara mbili."

"Kupotosha umma," alisema wifi. "Umma ni mimi. Sikumbuki kupotoshwa na wewe. Yaani nakumbuka, lakini ulijinyoosha mwenyewe."

Mkemia alichukua kalamu ya buluu ya fundi, ile ya kuandikia namba chini ya viatu. Hakutia sahihi penye msalaba. Aliandika chini ya aya nzima, kwa herufi kubwa ili nafasi isibaki: Kosa la faili ni langu, nimelisahihisha. Kosa la redio si langu, siliombei radhi. Nikihitajika kwa kazi, niiteni kwa kazi. Ndipo akatia sahihi.

"Umeandika nini?" aliuliza mama mkwe, ambaye hakujua kusoma.

Alimsomea.

"Soma tena, taratibu."

Alisoma tena. Mama mkwe alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kama anayesikiliza bei. Kisha alinyoosha mkono, akavuta kopo la rangi nyeusi ya viatu, akachovya kidole gumba.

"Mama, hiyo si barua yako," alisema mwanawe.

"Najua."

"Sasa unatia kidole kama nani?"

"Kama shahidi. Hawa watu wanapenda kusema hawakuambiwa." Alikikandamiza kidole karibu na sahihi ya mkwe wake, akakibonyeza kwa uzito wote wa bega, akakiinua. Mistari ilitoka safi. "Wakiuliza cha nani hicho, waje. Napatikana hapa siku zote."

Waliiacha barua ikauke mezani kabla ya kuikunja.